Aliyepiga lipu darasa aruhusiwe kufundisha ndani yake

Darasa jipya la sekondari likikamilika huku kwetu Karagwe, anayelijua kuliko wote si mkuu wa shule wala mthibiti ubora. Ni fundi mwashi aliyevuta kamba ya msingi, akafunga nondo za lenta, akapiga lipu na kumalizia sakafu. Mwaka 2021 zilipokuja fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 kwa nchi nzima, sehemu yake ilijenga madarasa 15,000, na utaratibu ukawa ule wa fosi akaunti: hakuna kampuni kubwa, anatafutwa fundi wa hapo hapo, kamati inasimamia, wananchi wanasogeza mawe na mchanga. Fundi wa namna hiyo haulizwi cheti kwanza. Anaulizwa ukuta wake wa mwisho uko wapi, twende tukauone. Watoto wakaingia darasani Januari, fundi akakusanya mwiko wake, timazi na pima maji, akaondoka. Leo shule ile ile ikianza kufundisha uashi, yeye hawezi kurudi mle ndani na kushika chaki. Hana cheti cha ualimu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Naishi Kanoni, kati ya migomba na mibuni yangu, na katika mikutano ya wazazi bado naitwa ingawa sina tena mtoto shuleni, nadhani kwa sababu nina mdomo. Jambo linaloulizwa sana siku hizi ni amali. Amali ni nini, inaanza lini kwetu, mtoto wangu akipangwa huko ndiyo basi tena?

Kwa asiyefuatilia, nieleze kwa kifupi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeigawa sekondari mikondo miwili: wa jumla, ambao ndio tuliouzoea, na wa amali. Mwanafunzi wa amali anabaki sekondari, anasoma Hisabati, Kiingereza, Historia ya Tanzania na Maadili, na mambo ya biashara, na pembeni yake anashika fani moja hasa, iwe ushonaji, umeme, uashi, kilimo au upishi. Akimaliza kidato cha nne anatakiwa awe na vyeti viwili mkononi, kimoja cha NECTA na kingine cha ufundi kinachotambuliwa na NACTVET. Majaribio yalianza Januari 2024 kwa shule 96, zaidi ya theluthi mbili zikiwa za watu binafsi. Walioingia kidato cha kwanza mwaka ule watakaa mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027. Chuo kimeingizwa ndani ya sekondari, basi, na mtoto hatoki kwenye geti moja kwenda kutafuta lingine.

Hilo nalipenda. Nalipenda kwa sababu vyuo viko mbali na mifuko ya watu wengi. Mtoto wa Kanoni akitaka ufundi leo, mzazi anahesabu nauli, godoro, chumba cha kupanga Kayanga au Bukoba, na akimaliza kuhesabu anamwambia mtoto asubiri msimu wa kahawa. Msimu ukifika, kahawa ilishauzwa butura tangu ikiwa maua, kwa bei ya kutupa, kulipia tatizo jingine la mwaka uliopita. Tangu 2016 sekondari ya Serikali hadi kidato cha nne haina ada. Kuuweka ufundi hapo ndani ni kuuleta mahali ambapo mtoto yupo tayari na mzazi amekwisha kununua sare.

Wala si wazo geni duniani. Mwaka 1901, katika mji wa Joliet, kusini magharibi ya Chicago huko Marekani, mkuu wa sekondari ya umma aitwaye J. Stanley Brown alianzisha jaribio la kufundisha masomo ya chuo ndani ya shule yake. Wanafunzi wa kwanza walikuwa sita. Hakujengewa jengo la chuo, aliwaweka waliomaliza sekondari katika madarasa yale yale. Kilichomsaidia ni kwamba alikuwa na rafiki juu: William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekuwa akilitaka jambo hilo na aliyekuwa tayari kuyatambua masomo hayo kijana akisogea mbele. Wale sita walizaa chuo ambacho leo kinahesabiwa kuwa chuo cha jamii cha umma kikongwe kuliko vyote Marekani, Joliet Junior College.

Ukiitazama Joliet vizuri utaona jaribio lilisimama kwa mambo mawili. Huko juu palikuwa na mlango ulioachwa wazi. Huku chini palikuwa na mtu wa kufundisha, tayari yumo shuleni, tayari analijua somo. Sisi mlango wa juu tumeahidiwa kwa vile vyeti viwili, na nauamini mpaka nitakapoona vinginevyo. Ninalolitilia shaka ni hili la chini. Nani anashika nyundo mbele ya watoto?

Naongea hivi kwa kuwa nilikuwapo mara ya mwisho ufundi ulipoingizwa sekondari. Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na katika miaka ya sabini sekondari zetu zikapewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansi kimu. Nilianza kazi miaka ya themanini nikiwa mwalimu wa sayansi kimu katika sekondari ya wasichana ambayo sitaitaja. Tulikuwa na cherehani za miguu, mpya, zimetoka kwa wafadhili, bado zina karatasi ya mafuta kwenye chuma. Zilikaa stoo. Ufunguo alikuwa nao mkuu wa shule, na alizilinda kama baba mwenye binti mmoja. Zilitoka wakaguzi walipokuja, zikapangwa mstari, zikafutwa vumbi, wakaguzi wakaandika, zikarudi.

Basi nilifundisha cherehani kwa ubao. Nilichora gurudumu, mkanda, kanyagio, meno, mguu wa sindano, kibobini, wasichana wakanakili kwa rangi mbili. Walifaulu. Nilikuwa na msichana aliyetaja kila kiungo cha cherehani kwa spelingi safi ya Kiingereza na hakuwahi kutunga uzi kwenye sindano yake hata mara moja.

Mwaka mmoja mkuu alisafiri, ufunguo ukabaki kwa makamu, nikazitoa. Kufikia mchana mbili zilikuwa zimekwama, uzi umejifunga chini kama kiota. Nami, kusema kweli, nilijua kushona lakini cherehani iliyokwama hupelekwa kwa fundi, ndivyo kila mtu anavyofanya. Nikatuma mtu sokoni. Akaja mzee mmoja ambaye hakuwa amemaliza darasa la nne, ana bisibisi, kichupa cha mafuta na unyoya wa kuku. Akalaza cherehani ubavuni, akafungua bamba, akatoa vumbi la nyuzi kwa ule unyoya, akamwita msichana aliyekuwa karibu akamwambia, "Njoo mwanangu, weka kidole hapa, zungusha taratibu, unasikia linapogonga?" Akasikia. Wakasikia wote, mmoja mmoja, foleni ikazunguka chumba. Mzee yule aliwafanya waifungue ya pili wao wenyewe.

Mkuu aliporudi aliuliza swali moja tu: nani ameruhusu mtu wa sokoni aingie shule ya wasichana?

Sikulijibu vizuri siku ile. Michepuo ilipokuja kufifia, watu walitoa sababu nyingi: fedha ziliisha, vifaa vilichakaa, wazazi waliona kilimo shuleni ni adhabu ya jembe. Zote ni kweli. Wakenya nao walipoanza mfumo wao wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985 wazazi walichangishwa kujenga karakana, na masomo yale ya mikono yakaja kupunguzwa baadaye. Mimi naongeza sababu yangu ambayo sijaiona kwenye ripoti yoyote: tulichukua kazi za mikono tukawakabidhi watu wa karatasi kama mimi, huku tukiwazuia getini wenye mikono.

Sasa tazama waliopo hapa kwetu. Mnyauko wa bakteria wa migomba uliingia Kagera katikati ya miaka ya 2000 na ukala mashamba. Kilichookoa migomba ya Kanoni ni kazi ndogo ndogo za kila siku: kuvunja lile ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa panga, kupitisha panga kwenye moto au kwenye maji ya Jiki kabla ya kuhamia shina jingine, kung'oa shina zima lililoonyesha dalili hata kama mkungu unakupa huruma. Kuna wazee hapa, na akina mama zaidi ya wazee, ambao wakipita kwenye shamba wanakuonyesha mgomba mgonjwa kabla jani halijageuka njano. Kwenye kahawa ni vivyo hivyo. Kuna mtu anajua chipukizi lipi libaki kwenye shina la robusta na lipi liondoke, na kuna mwingine akishika kiganja cha kahawa ya maganda anakuambia imeanikwa juu ya turubai au chini kwenye udongo, na chama cha msingi kitaikataa au kitaipokea. Kituo cha utafiti wa kahawa kipo Maruku, karibu na Bukoba, kina miche inayohimili ugonjwa wa mnyauko wa mibuni, na hao hao wakulima ndio walioipanda wakaona ipi inashika kwenye vilima vyetu. Mwalimu wa kilimo mwenye digrii kutoka Morogoro atawafundisha watoto kwa nini. Wa hapa atawafundisha lini na kwa nguvu kiasi gani.

Na Karagwe haijaanza jana kufundisha ufundi kwa vitendo. Mwaka 1993, wakati umeme wa gridi ulikuwa hadithi huku, shirika la KARADEA lilianzisha kituo cha kufundisha mafundi wa sola, na mafunzo yalikuwa ya kufunga mitambo kwa mikono. Walikuja kujifunza hata watu wa nchi jirani. Fikiria: watu wanavuka mpaka kuja Karagwe kujifunza umeme wa jua, miaka ambayo shule nyingi mijini zilikuwa zinachora saketi ubaoni. Ukirudi nyuma zaidi, mtawala wa Karagwe, Rumanyika, aliyempokea msafiri Mwingereza Speke pale Bweranyange mwaka 1861 alikuwa na hazina ambayo ndani yake walikuwamo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, na nyundo ilikuwa miongoni mwa alama za utawala. Huu ni mchepuko, najua. Lakini nimechoka kusikia katika mikutano kwamba ufundi ni kitu ambacho Serikali "inatuletea".

Nilimweleza wazo langu ofisa mmoja wa elimu, kijana mwenye adabu ambaye wala sikumfundisha mimi. Akanisikiliza, akasema, "Shikamoo yako naipokea Mwalimu, lakini hiyo haiwezekani." Nikamwambia shikamoo ilitakiwa itoke kwake. Tukacheka, halafu akanipa hoja zake, na hazikuwa za kipuuzi.

Ya kwanza, sifa. Fani inayotoa cheti lazima ifundishwe na mtu anayetambulika, vinginevyo cheti kinakuwa karatasi. Nakubali. Ila VETA wana utaratibu wao wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa akiwa kazini, anaonyesha anachoweza, anaelekezwa palipopungua, anapewa cheti. Upo miaka mingi. Shule inayoanza amali ingeorodhesha mafundi watano au sita wa kata yake na kuwaomba VETA wawapime hao kwanza. Wala hatuhitaji wamiliki darasa. Mwalimu abaki na nadharia, mtihani, daftari la mahudhurio na michoro. Fundi awe na karakana siku mbili kwa wiki, mwalimu akiwapo hapo hapo, naye akijifunza. Mimi ningefundisha vizuri zaidi maisha yangu yote kama yule mzee angekuwa anakuja kila Alhamisi.

Ya pili, malipo. Halmashauri haina fungu la kumlipa mtu asiye mtumishi. Hapa ndipo nilipomkumbusha fosi akaunti. Tulipojenga madarasa palikuwa na kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, wananchi wa kawaida, wakahesabu mifuko ya saruji na bati mpaka la mwisho. Kamati iliyoweza kuhesabu mifuko inaweza kuhesabu siku za fundi. Tulipata njia ya kumlipa kwa kuinua ukuta. Njia ya kumlipa kwa kufundisha kuinua ukuta haiwezi kuwa ngumu kiasi hicho, inahitaji waraka wa ukurasa mmoja kutoka TAMISEMI.

Ya tatu aliisema kwa kusitasita, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote: usalama wa watoto, hasa wasichana. Mtu wa nje, karakana ina mlango, saa za mchana. Hilo silichezei. Fundi asiwe peke yake na wanafunzi hata dakika moja, achunguzwe na serikali ya kijiji inayomjua yeye na baba yake, asaini kanuni zile zile anazosaini mwalimu. Pia mafundi wanawake wapo, wa ushonaji na upishi na hata wa kupaka rangi, waanze hao. Lakini tusijifiche nyuma ya hoja hii kana kwamba hatari huingia kwa wasio na vyeti tu.

Suala la lugha hakulitaja, nikalitaja mimi. Sekondari ni Kiingereza, na fundi atasema Kiswahili, na akikasirika atasema Kinyambo. Sawa. Historia ya Tanzania na Maadili tayari inafundishwa kwa Kiswahili sekondari na mbingu hazijaanguka. Karakana nayo iachwe iwe ya Kiswahili, majina ya Kiingereza mwalimu atayaandika ubaoni kwa ajili ya mtihani.

Linalonitia hofu zaidi ni wazazi wenzangu. Mkutanoni baba mmoja alisimama akasema mwanawe amepata alama nzuri, kwa hiyo asipelekwe amali, huko wapelekwe wale walioshindwa. Watu walipiga makofi. Namwelewa. Huyu ameuza kahawa butura ili mtoto aondoke shambani, halafu anaambiwa mtoto atarudishwa shambani kwa jina jipya. Na mafundi anaowaona kijijini wengi wanaishi kwa kibarua cha leo, kesho hakuna. Lakini wanaishi hivyo kwa sababu kazi za halmashauri zenye fedha zinataka karatasi ambazo hawana, na mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 inataka kikundi kilichosajiliwa na andiko la mradi. Kijana mwenye vyeti viwili na mikono aliyofundishwa na yule fundi anaweza kuwa ndiye anayemwingiza fundi kwenye kikundi. Amali ikijazwa walioshindwa Hisabati pekee, mwaka 2027 na kuendelea tutapata mafundi wasioweza kukadiria mabati ya paa, na yule baba ataona alikuwa sahihi. Nafasi zigawiwe kwa kuchagua, na shule ianze kwa kuwatafuta waliofaulu.

Baada ya mkutano nilikwenda kwa fundi cherehani wa pale sokoni, ambaye hunipigia pindo la vitenge, nikamuuliza kama angekubali kufundisha. Hakuinua macho. Akasema, "Mwalimu, nitakubali, lakini niandikie haya." Malipo ya siku yatolewe siku hiyo hiyo, siyo mwisho wa mwezi. Watoto wasizidi watatu kwa cherehani moja. Cherehani zisiwe za stoo. Vitambaa vya kujifunzia viwe viraka vya nguo za kweli za watu, kwa sababu mtoto akishona kitambaa kisicho na mwenyewe hajali pindo likienda upande. Na awe huru siku ya gulio.

Nimeyaandika kama alivyoyasema na nimempa mwenyekiti wa bodi ya shule. Ameniambia kikao kijacho atayasoma, isipokuwa lile la gulio anataka walizungumze kwanza, kwa sababu siku ya gulio hata nusu ya walimu hawaonekani.